Bomba na Visima: Mwongozo Kamili wa Damu ya Mifupa Mirefu kwa Anayeshika Kisu

Miaka yangu ya mwanzo kwenye fani hii niliwahi kumpokea kijana wa bodaboda aliyevunjika muundi. Mfupa ulikuwa vipande vitatu, ngozi nzima. Nikafungua mguu kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo, nikakwangua utando wa mfupa pande zote mpaka ukabaki mweupe kama muhogo uliomenywa, nikavipanga vipande kama seremala anayeunga mguu wa meza, kisha bamba na skrubu nane. Picha ya eksirei ilipotoka kila mtu alinipongeza. Miezi minne baadaye kijana akarudi na tundu linalotoa usaha, skrubu zinacheza, na kile kipande cha katikati kikionekana kwenye picha cheupe kuliko mfupa wote uliokizunguka. Kilikuwa kimekufa. Ajali ilikijeruhi, lakini aliyekimaliza ni mimi.

Ninachoandika hapa ndicho ambacho ningependa mtu aniambie kabla ya siku ile. Ni kwa daktari anayeanza upasuaji wa mifupa, kwa daktari msaidizi wa wilayani, na kwa muuguzi wa thieta anayetaka kujua kwa nini mpasuaji mmoja anakwangua na mwingine hakwangui. Upasuaji wenyewe unajifunzwa mezani, pembeni ya mkubwa wako.

Hatua ya 1: Jua maji yanatoka wapi

Aliyeishi Dar es Salaam ataelewa haraka. Nyumba ina bomba la mamlaka, na uani kuna kisima. Bomba lina msukumo, kwa hiyo ndilo linalotegemewa. Kisima kipo kipo tu. Siku bomba likipasuka, watu wote wanarudi kisimani na ndoo, na maisha yanaendelea.

Mfupa mrefu uko hivyo hivyo. Bomba lake ni ateri ya lishe: mshipa unaopenya shina la mfupa kupitia tundu dogo la mshazari, unafika kwenye uboho, unagawanyika, tawi moja likipanda na jingine likishuka. Msukumo wake ni mkubwa, na ndio unaolisha theluthi mbili za ndani za koteksi, yaani lile gamba gumu la mfupa. Visima ni mishipa midogo ya periostiamu, utando unaoufunika mfupa kwa nje. Msukumo wake ni mdogo, inalisha theluthi moja ya nje, na inapatikana zaidi pale misuli inapojishika kwenye mfupa. Kuna na njia ya tatu, mishipa inayoingia karibu na viungo kwenye ncha za mfupa (epifisisi, yaani ncha yenyewe, na metafisisi, sehemu iliyo kati ya ncha na shina), ambayo huungana na matawi ya bomba kuu kule ndani.

Kati ya ndani na nje, damu hupita kwenye mifereji ya Havers inayofuata urefu wa mfupa, jina lililotokana na Clopton Havers, daktari Mwingereza aliyeieleza mwaka 1691, na mifereji ya Volkmann inayokata kwa upana. Kwa kawaida mkondo huenda kutoka ndani kwenda nje, kwa sababu bomba ndilo lenye nguvu.

Mfupa ukivunjika na ateri ya lishe ikakatika, mkondo unageuka. Sasa damu inatoka nje kwenda ndani: kwenye periostiamu na kwenye misuli iliyoukumbatia mfupa. Mmarekani Rhinelander alilionyesha jambo hili kwa wanyama, kwa kujaza mishipa yao rangi na kuipiga picha. Wiki za mwanzo za kupona hutegemea visima. Na visima hivyo ndivyo nilivyovifukia siku ile kwa kikwangulio changu.

Ukikumbuka kitu kimoja tu katika makala hii, kiwe hiki: usikate bomba na kufukia visima siku moja.

Hatua ya 2: Jua bomba linaingilia wapi

Mifereji ya lishe hukimbia upande wa mfupa unaokua zaidi. Sisi tulikaririshwa kwa kifupi: mkononi hukimbilia kiwiko, mguuni hukimbia goti. Basi kwenye humerasi, mfupa wa mkono wa juu, tundu liko upande wa ndani, theluthi ya kati, na mfereji unaelekea chini. Kwenye radiasi na alna, mifupa miwili ya mkono wa chini, liko mbele na unaelekea juu, mshipa ukitoka kwenye ateri ya mbele inayopita katikati ya mifupa hiyo miwili. Kanuni hii ina faida nyingine ndogo: mfereji wa lishe kwenye eksirei humdanganya mgeni akadhani ni ufa. Ufa hauna adabu. Mfereji una kingo laini, umelala mshazari, na unaelekea upande unaoutarajia.

Fupa la paja linalishwa na matawi ya ateri ya kina ya paja, yanayoingia nyuma kwenye ule ukingo wa mkwaruzo, linea aspera. Ndiyo maana unapopita ubavuni mwa paja, misuli iinue kwa mbele na ukingo ule wa nyuma uuache na misuli yake. Kabari ya kuvutia nyama ukiichomeka nyuma ya mfupa kwa pupa, unararua matawi hayo. Kwanza utapata damu nyingi ya ghafla, na baadaye mfupa usio na damu.

Muundi, yaani tibia, nitakaa nao zaidi, maana ndio unaotutoa machozi sana na ndio bodaboda zinaouvunja kila siku. Ateri yake ya lishe, kubwa kuliko za mifupa mingine yote, inatoka kwenye ateri ya nyuma ya mguu, inapenya nyuma ya mfupa upande wa juu, chini kidogo ya mstari wa soleasi, msuli wa ndani wa shavu la mguu, kisha inashuka. Vunjiko lililopita juu ya katikati linaweza kuukata mshipa huo ukiwa bado ndani ya mfereji wake, na shina lote la chini likakosa bomba. Sasa pitisha kidole kwenye muundi wako mwenyewe. Upande wa mbele wa ndani unagusa ngozi na mfupa, hakuna nyama kati yake. Theluthi ya chini ni mbaya zaidi, kwa kuwa misuli imeshageuka kano, na kano haina damu ya kugawa. Bomba limekatika na visima ni haba. Hapo ndipo penye mifupa inayochelewa kuunga, na hapo ndipo penye vidonda visivyofunga.

Hatua ya 3: Kabla ya kisu, hesabu ajali imeshaharibu nini

Kila mgonjwa anafika mezani akiwa ameshapoteza sehemu ya damu ya mfupa. Kazi yako ni kujua kilichobaki.

Angalia picha. Vipande vimehama kiasi gani? Vilivyotengana mbali vimerarua periostiamu. Kipande cha pembetatu kilichobaki karibu na mahali pake kwa kawaida kingali kimeshikwa na nyama, kwa hiyo kina uhai. Muulize mgonjwa au ndugu zake ajali ilikuwaje: kuteleza bafuni si sawa na kugongwa na fuso. Shika mapigo ya miguu yote miwili. Tazama malengelenge, ngozi iliyojaa malengelenge inakuambia usubiri. Mguu uliokaza kama gogo, wenye maumivu makali kuliko jeraha lenyewe na yanayozidi ukivuta vidole, ni shinikizo ndani ya vyumba vya misuli, na hiyo ni dharura ya saa hizi, si ya kesho. Misuli ikifa, visima vimekufa nayo.

Uliza pia kuhusu kisukari, sigara na selimundu. Na uliza bila kugomba kama amepitia kwa mganga wa kuunga mifupa. Banzi zilizobanwa mno nimeziona zikimaliza damu ya mguu mzima, lakini mgonjwa ukimfokea hatakuambia zilikaa siku ngapi.

Hatua ya 4: Chagua chuma kwa kuangalia damu

Msumari wa ndani ya mfupa, ambao Gerhard Küntscher alianza kuutumia Kiel, Ujerumani, mwaka 1939, unapita mahali pa bomba. Ukipanua mfereji kwa rima, keekee ya kupanulia uwazi wa ndani ya mfupa, kwanza, unaharibu mishipa ya uboho na kuinyima damu sehemu ya ndani ya koteksi. Mbona basi mifupa inaunga? Kwa sababu msumari hauvigusi visima. Mzunguko wa nje huongezeka kufidia, na unga wa mfupa unaotoka kwenye rima hubaki kwenye vunjiko ukifanya kazi ya pandikizi. Katika tibia za kondoo, damu ya koteksi ilirudi kwa takriban wiki 6 bila rima na wiki 12 kwa rima. Kwa binadamu, jaribio kubwa la SPRINT la mwaka 2008 lilionyesha kuwa kwenye muundi uliovunjika bila kidonda, kupanua kwa rima kuna faida. Kwenye mavunjiko yenye kidonda haikuonekana tofauti.

Hapa kwetu wengi wanaujua msumari wa SIGN, wa shirika lililoanzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle huko Richland, Washington. Ulibuniwa kwa hospitali zisizo na mashine ya eksirei ya thieta, na rima zake huzungushwa kwa mkono. Watu hulalamika kwamba mkono unachosha. Mimi nausifu mkono: haupashi mfupa moto. Kasoro ni kwamba bila mashine mara nyingi utalazimika kufungua vunjiko ili ulipange. Fungua padogo, shika ncha mbili tu, na usikwangue hata sentimita moja isiyo ya lazima, kwani ndani umeshakata bomba.

Bamba lina dhambi ya upande wa pili. Bamba la zamani hupata uimara kwa kukandamizwa juu ya mfupa, na chini yake periostiamu hukosa damu. Ndiyo sababu wataalamu wa AO, kundi lililoanzishwa Uswisi mwaka 1958, walibuni mabamba yenye mapengo chini, halafu ya skrubu zinazojifunga kwenye bamba lenyewe, ambayo si lazima yaulalie mfupa. Bamba refu linalosukumwa chini ya misuli kupitia matundu mawili madogo, bila kufungua vunjiko, ni heshima kubwa kwa visima. Mavunjiko yenye vipande vingi yanaunga vizuri hivyo hata kama vipande havikupangika kama fumbo. Kinachotakiwa ni urefu, mnyooko na mzunguko sahihi. Kwenye mkono wa chini hali ni tofauti, radiasi na alna zinataka kupangwa sawasawa, kwa hiyo utafungua. Lakini bamba unaweza kuliweka juu ya periostiamu badala ya kuimenya.

Vyuma vya nje, yaani pini zinazopita ngozini na kufungwa kwenye fremu nje ya mguu, ndivyo vinavyosumbua damu kidogo kuliko vyote. Kasoro yake ni matundu ya pini na mnyooko unaopotea.

Hatua ya 5: Mikono mezani

Hapa ndipo mwanafunzi anapoharibu, na hakuna kitabu kinachomwona.

Kata ngozi, mafuta na fashia (utando unaofunika misuli) kama tabaka moja. Ukiitenganisha ngozi na fashia unaikata mishipa inayoilisha, na muundi hauna ngozi ya kuchezea. Periostiamu iinue milimita chache tu kwenye kingo za vunjiko, kiasi cha kuona mstari. Kipande kilichoshikwa na nyama kisogeze kwa ncha ya kifaa. Usikitoe kukiosha kisha ukirudishe, maana ukishakikata nyama yake umekitoa kwenye orodha ya walio hai.

Drili iwe kali. Mfupa uliofika nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja unadhurika. Watafiti Eriksson na Albrektsson walilionyesha mwaka 1983. Keekee butu inayofuka moshi inakaanga mfupa kuzunguka skrubu, na skrubu hiyo italegea. Mwagia maji ya chumvi, chomoa mara kwa mara usafishe unga, na keekee iliyobutuka itupwe, hata kama bohari watanuna. Toniketi, mkanda wa kuzuia damu ya mguu, usiifunge wakati wa rima: damu inayopita ndiyo inayopoza. Rima yenyewe iongeze nusu milimita kwa hatua, na usiingize nene kwenye mfereji mwembamba kwa mabavu.

Hatua ya 6: Mfupa ukitoka nje

Kwenye vunjiko lenye kidonda, antibayotiki ni ya kwanza, ndani ya saa moja ikiwezekana, kabla hata ya kubishana nani aite thieta. Kisha safisha. Misuli ipime kwa mambo manne: rangi, uthabiti, kama inajikunja ukiibana, kama inatoka damu ukiikata. Inayoshindwa itoke. Kipande cha koteksi kikivutwa kidogo kikaja chenyewe bila kushikwa na kitu, kitupe, hata kikiwa kikubwa. Najua inauma. Ila mfupa usio na damu hauna njia ya kupitisha dawa wala chembe nyeupe, na bakteria wanaujua udhaifu huo kuliko sisi.

Halafu funika. Msuli unaoletwa juu ya mfupa ni kisima kipya: gastroknemiasi, msuli wa nje wa shavu la mguu, kwa theluthi ya juu ya muundi, soleasi kwa ya kati, na kwa ya chini itabidi utafute kipande kutoka mbali au umtume mgonjwa panapofanyika. Mpasuaji Godina alionyesha mwaka 1986 kwamba kufunika ndani ya saa 72 huleta matokeo bora. Kwetu saa 72 mara nyingi huishia kwenye foleni, lakini ijue hesabu hiyo ili ujue unachokipoteza. Kuhusu chuma, jaribio lililochapishwa mwaka 2020 kutoka Dar es Salaam lililinganisha msumari na vyuma vya nje kwa muundi wenye kidonda, na mwisho wa mwaka mmoja halikukuta tofauti ya uhakika katika vifo na upasuaji wa kurudia. Kwa hiyo usione aibu kuweka vyuma vya nje ukiwa huna kingine.

Mahali pasipo na kisima

Kichwa cha fupa la paja kiko ndani ya kiungo, na shingo yake haina periostiamu ya kusaidia. Damu yake karibu yote inatoka kwenye ateri ya mzunguko ya ndani, ambayo matawi yake hupanda nyuma na juu ya shingo. Shingo ikivunjika na kuhama, matawi hayo yanararuka. Kwa kijana, panga na ufunge mapema. Kwa mzee ambaye vunjiko limehama, kwa kawaida kichwa hubadilishwa kwa sababu hiyo hiyo ya damu. Mtoto ambaye bado anakua usimpitishie msumari mgumu kwenye kishimo cha pirifomisi, kile kilicho juu ya fupa la paja nyuma ya shingo yake. Mishipa ya kichwa inapita jirani kabisa. Tumia misumari mnyumbuko au njia nyingine.

Begani, ateri ya mzunguko ya nyuma hulisha sehemu kubwa ya kichwa cha humerasi, asilimia 64 katika uchunguzi wa mwaka 2010. Mpasuaji Hertel aligundua dalili mbili za kuogopa: kichwa kilichobaki na chini ya milimita 8 za metafisisi upande wa ndani, na bawaba ya ndani (pale kichwa kinapoungana na shina) iliyohama zaidi ya milimita 2. Ukiziona, mwambie mgonjwa mapema.

Mwenye selimundu anaweza kupoteza vichwa hivi bila kuvunjika kabisa. Kijana mwenye selimundu anayechechemea kwa maumivu ya nyonga apigwe picha.

Kwa watoto liko jambo jingine. Karibu na sahani ya ukuaji, gegedu ambapo mfupa wa mtoto hurefukia, kapilari hujikunja na damu hupita polepole, kwa hiyo bakteria waliomo kwenye damu hutulia hapo. Ndiyo maana usaha wa mfupa wa mtoto huanzia kwenye metafisisi. Mtoto wa chini ya miezi kama 18 ana mishipa inayovuka sahani hiyo, na usaha unaweza kufika kwenye kiungo. Baada ya hapo sahani inakuwa ukuta, isipokuwa panapokuwa na metafisisi ndani ya kiungo, kama nyongani.

Hatua ya 7: Mfupa ukishakufa

Kipande kilichokufa huonekana cheupe kwenye eksirei kwa sababu ambayo wengi huipindua. Hakikuongeza chokaa. Mfupa hai ulio jirani, ambao damu inaufikia, umepoteza chokaa yake kwa kutotumika. Kile kilichokufa hakina damu ya kuipeleka popote. Mtoto mwenye usaha sugu usimtoe kipande hicho kabla ganda jipya la mfupa halijakizunguka kiasi cha kutosha kubeba mguu, au utabaki na pengo. Kwa mtu mzima, chonga mpaka uone vitone vidogo vya damu vikichomoza kwenye koteksi, kama pilipili nyekundu iliyonyunyizwa. Hapo ndipo unapoacha.

Kujaza pengo kuna njia kadhaa. Saruji yenye antibayotiki ikiwekwa wiki 6 hadi 8 huzungukwa na utando wenye mishipa, na ndani ya utando huo ndiko pandikizi linakowekwa baadaye. Mbinu ya Mfaransa Masquelet. Fibula, mfupa mwembamba ulio kando ya muundi, inaweza kuhamishwa pamoja na ateri yake, ukiacha sentimita 6 hadi 8 za chini ili kifundo kisiyumbe. Na ipo njia ya Ilizarov, daktari wa Kurgan nchini Urusi: koteksi inakatwa kwa uangalifu bila kuharibu uboho na periostiamu, wiki moja inapita, kisha mfupa unavutwa milimita 1 kwa siku katika mara nne.

Hatua ya 8: Kliniki

Kwenye picha za miezi mitatu hadi sita soma damu. Vunjiko lisilounga lenye manundu makubwa ya mfupa mpya lina damu, linalalamikia kuyumba: liimarishe tu. Lenye ncha zilizonywea bila manundu linataka pandikizi pamoja na uimara. Shingo ya paja ifuatilie miaka miwili, kichwa hufa kimya kimya.

Yule kijana wa bodaboda nilimtoa sentimita 5 za mfupa, nikiwa na mkubwa wangu pembeni, akafungwa fremu ya Ilizarov. Nati alizizungusha mwenyewe, robo milimita mara nne kwa siku, kwa kengele ya simu: alfajiri, mchana, jioni, na usiku kabla ya kulala. Alivuta siku 50, na fremu ikakaa mguuni karibu mwaka mzima. Kila alipokuja kliniki alinisomea kwanza daftari lake la nati, ndipo tukaangalia picha.